Tunanunua Mihuri, Hatununui Nyumba

Sisi Wabongo tuna ugonjwa mmoja ambao hospitali haiutibu. Tunapenda mihuri. Karatasi ikishagongwa muhuri wa bluu, hata kama ndani imejaa uongo kuanzia jina hadi tarehe, roho zetu zinatulia. Tunaikunja vizuri, tunaitia kwenye bahasha ya kaki, tunaifungia kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Siku dalali wa mahakama anapofika na amri mkononi, au tingatinga linapoanza kunguruma nyuma ya choo, ndipo tunatoka mbio na bahasha yetu: "Jamani, mbona wakili aligonga muhuri?"

Ndiyo, aligonga. Na hapo ndipo tatizo lilipo.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia hadithi ileile, inabadilika majina tu. Mtu kajinyima miaka kumi, kauza ng'ombe wa baba, kakopa SACCOS, kanunua nyumba. Ana muhuri wa mtaa, ana muhuri wa wakili, ana sahihi za mashahidi wanne. Nyumba hana! Nasema leo, atakayenuna na anune: wakili tunayemtumia wengi wetu kununulia nyumba tumemgeuza mwenye muhuri tu. Tumemgeuza hivyo sisi wenyewe, naye kakubali kwa sababu inamlipa.

Nitawasema mawakili, nitaisema serikali ya mtaa, halafu nitatusema sisi wanunuzi. Anayedhani leo nitambakiza mtu, amenoa.

MUHURI ULE UNASEMA NINI HASA?

Chukua mkataba wako wa mauziano uusome pale mwisho. Utaona maneno ya kwamba umesainiwa mbele ya fulani, kisha sahihi, kisha muhuri. Muhuri ule unashuhudia jambo moja: kwamba watu hawa walifika, wakajitambulisha, wakaweka sahihi. Basi. Hausemi kwamba nyumba ni ya muuzaji. Hausemi kwamba haina rehani benki. Hausemi kwamba mkewe anajua, wala kwamba haimo ndani ya hifadhi ya barabara. Tapeli akifika na kitambulisho chake halali na kusaini kuuza nyumba ya jirani yake, muhuri utakuwa umesema kweli tupu: alifika, alisaini.

Sasa angalia tunavyonunua. Unampata dalali. Dalali anakupeleka kwenye nyumba, unaipenda, mnapatana bei. Kesho yake unatoa "kishika uchumba" milioni kadhaa, mkononi, bila karatasi, kwa sababu umeambiwa kuna mteja mwingine anatoka Arusha usiku wa leo. (Huyu mteja wa Arusha ana nyumba ngapi jamani? Kila nyumba inayouzwa Dar es Salaam yeye yuko njiani kuja kuinunua!) Jumamosi mnakwenda wote kwa wakili. Wakili gani? Wakili anayefahamiana na dalali. Yeye ana mkataba wake kwenye kompyuta, anafuta majina ya wa jana, anaandika ya leo. Dakika ishirini, hela mezani, muhuri paa! Mnapeana mikono.

Niambie, katika dakika hizo ishirini, nani amekwenda Ofisi ya Ardhi? Nani ameuliza jirani? Nani ameuliza kama muuzaji ana mke? Wakili ameingia mwisho, wakati pesa imekwishatoka. Huyo ni sawa na daktari uliyemwita aje kusaini cheti cha kifo, halafu unalalamika kwamba hakumtibu mgonjwa.

Na usisahau kituko kingine: mkataba wenyewe umeandikwa Kiingereza. Muuzaji Msukuma, mnunuzi Mchaga, wakili Mhehe, dalali Mzaramo, wote wanabishana bei kwa Kiswahili, halafu wanasaini Kiingereza! Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna kinachokuzuia kumwambia wakili, "Mheshimiwa, niandikie kwa lugha ninayoielewa." Akisema haiwezekani, nyanyuka uondoke. Mtu asiyetaka uelewe unachosaini ana sababu zake.

"LAKINI HATI NIMEIONA KWA MACHO YANGU"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila ninapofungua mdomo. Umeiona hati. Sawa. Umeona karatasi. Hati ya kweli ina nakala yake kwa Msajili wa Hati, na lenye nguvu ni lile daftari la Msajili. Karatasi inaweza kughushiwa. Inaweza kuwa halali lakini mwenyewe aliripoti imepotea akapewa nyingine, na hiyo nyingine iko benki. Inaweza kuwa halali kabisa na bado pana zuio la mahakama au la mtu anayedai haki yake.

Dawa yake inaitwa upekuzi, au kama wenyewe wanavyosema mjini, kufanya sachi. Unapeleka maombi Ofisi ya Ardhi, unalipia, unapewa majibu rasmi: mmiliki aliyeandikwa ni nani, umiliki ni wa miaka mingapi na umeanza lini, kuna rehani au zuio. Ukiwa na majibu hayo linganisha jina na kitambulisho cha anayeuza, herufi kwa herufi. Uliza na kodi ya pango la ardhi kama imelipwa, maana deni linaifuata ardhi na litakusubiri mlangoni.

Tukumbushane pia unanunua kitu gani. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wewe unanunua haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa, 33, 66 au 99, pamoja na masharti. Nyumba nzuri kwenye hati iliyobakiza miaka michache si sawa na nyumba ileile yenye miaka sitini mbele. Kama hati inasema makazi na wewe una ndoto ya kufungua gereji, jua umenunua ugomvi. Wenye kununua fleti ghorofani nao wana sheria yao, ile ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Uliza kama fleti yako ina hati yake au unanunua ahadi ya kwamba "inashughulikiwa".

Na hapa ndipo muhuri unapotuponza kuliko pote. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inataka mauziano yawe ya maandishi. Vizuri, una mkataba. Lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kifungu cha 41, inasema kwa ardhi iliyosajiliwa uhamisho hauna nguvu mpaka usajiliwe. Maana yake, mpaka siku Msajili anapoandika jina lako, ulichonacho ni ahadi ya muuzaji. Akifa kesho, unadai kwa warithi. Akiiuza tena kwa mwingine na huyo akakimbia kusajili, unaanza kesi. Nimekutana na watu wana mikataba ya mwaka 2009 kabatini, mihuri inang'aa, na hati bado ina jina la mzee aliyezikwa zamani. Wanaishi mle kama wapangaji wa marehemu.

WAKILI MMOJA KWA WOTE WAWILI?

Mawakili, kaeni vizuri, hapa ni kwenu.

Muuzaji anataka pesa zote leo na maswali machache. Mnunuzi anataka maswali mengi na pesa mwishoni. Hawa wawili maslahi yao yanagongana. Iweje mtu mmoja awatetee wote, kwenye meza moja, kwa ada moja? Wakigombana kesho, atasimama na nani? Atasema alikuwa shahidi tu.

Ndugu zangu mlioko London mnajua: huko mnunuzi ana solicitor wake na muuzaji ana wake, nao wanaandikiana maswali na majibu wiki kadhaa kabla mikataba haijabadilishwa. Mnunuzi kwa kawaida analipa asilimia kumi siku ya kubadilishana mikataba, na hiyo asilimia kumi ni sehemu ya bei ya nyumba. Kwetu wakili ni mmoja, maswali hakuna, na asilimia kumi (nitaifikia sasa hivi) inakwenda kwa mtu ambaye hauzi wala hanunui.

Msinielewe vibaya. Wapo mawakili wenye roho na taaluma. Namfahamu mmoja ambaye hagongi kitu mpaka aone majibu ya upekuzi, na wateja wanamkimbia wakisema ana longolongo. Yeye anakosa hela ya kula, jirani yake mwenye muhuri mwepesi kanunua gari la pili! Hilo ndilo soko tulilolitengeneza.

Usisahau kuuliza kama huyo unayemwita wakili ni wakili. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Wakili ni yule aliyeapishwa na mwenye leseni ya uwakili iliyohuishwa kwa mwaka huu. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, unaandika jina unaona. Dakika mbili tu. Na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka aliyeandaa waraka aandike jina na anwani yake juu ya huo waraka. Mkataba wako ukikosa "umeandaliwa na", jiulize aliyeuandika anajificha nini. Vishoka wa mihuri ya kuchonga kwenye vibanda tunao wengi.

"MKEWE YUKO SAFARI, LAKINI ANAJUA"

Jamaa yangu mmoja, fundi magari, alinunua nyumba ya vyumba vinne. Mkataba kwa wakili, picha zilipigwa, soda zilinywewa. Ulikuwapo mstari unaosema muuzaji "hana mke". Miezi mitatu baadaye akaja mama na watoto wawili na cheti cha ndoa. Alikuwa kwao, akiuguza mama yake. Alirudi akakuta kitasa kimebadilishwa.

Ninyi mngemlaumu nani? Mimi yule mama simlaumu hata kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, iko wazi: nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ikiuzwa hivyo, mwenzi aliyeachwa gizani ana haki ya kuendelea kuishi mle wakati ndoa ipo, labda mnunuzi aonyeshe kwamba hakujua na asingeweza kujua hata kwa uangalifu wa kawaida. Uangalifu wa kawaida, ndugu msomaji! Ulimuuliza jirani? Maana jirani alikuwa anamjua yule mama, walikuwa wanaombana chumvi. Na sheria hiyohiyo, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili na kuonekana ni mke na mume, mahakama itaanza kwa kuchukulia kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo "hatujafunga ndoa" si kinga.

Wakili anayeandika "hana mke" kwa sababu tu mwanamume kasema hana mke, amefanya kazi gani? Kuandika alichoambiwa? Hiyo hata mpiga chapa wa pale Posta anaweza, tena kwa bei nafuu. Ridhaa ya mwenzi ni karatasi yake yenyewe, anaisaini mwenyewe, mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho. Hatuiachi mikononi mwa simu ya "ongea naye huyu hapa".

Na nyumba ya urithi je? Hapa ndugu wanauana. Mtoto mkubwa hauzi nyumba ya baba kwa kuwa ni mkubwa. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba uteuzi wake, nenda mahakama iliyomteua ukahakikishe, halafu omba warithi wote wasaini kwamba wanajua. Akikuletea muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake, mwambie ahsante, bado mahakama. Na anayeuza kwa hati ya uwakili kwa sababu mwenye nyumba yuko nje, hakikisha huyo mwenye nyumba yu hai. Uwakili hufa na aliyeutoa.

ASILIMIA KUMI YA NANI?

Sasa serikali ya mtaa. Kila aliyenunua nyumba mjini anaijua: ukienda kusaini ofisi ya mtaa unaambiwa utoe asilimia kumi ya bei. Nyumba ya milioni sitini, toa milioni sita. Ukiuliza sheria gani, unaambiwa "ndio utaratibu". Risiti? Ukibahatika unapewa ya kitabu cha dukani. Ukikataa, mwenyekiti hasaini, na unatishiwa kwamba bila yeye nyumba si yako.

Nionyesheni kifungu. Nimesoma Sheria ya Ardhi, sikukiona. Mwenyekiti wa mtaa si msajili wa ardhi. Wapo wanaochanganya kwa makusudi mtaa na kijiji. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji, na ukinunua Mkuranga au Bagamoyo vijijini bila idhini yake umejitafutia balaa. Lakini mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Mnatoza kodi ambayo Bunge halikuitunga, kwa muhuri ambao sheria haikuupa kazi hiyo. Huo ni ulaji, tuuite jina lake.

Hapa nitasema jambo ambalo mawakili hawalipendi. Mjumbe na majirani wana kitu ambacho wakili hana: wanajua watu. Wanajua nyumba ilijengwa na nani, mpaka ulikuwa kwenye mwembe gani, nani aligombana na nani mwaka gani, maji ya mvua yanapita wapi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kwenye ardhi isiyopimwa. Huko hakuna hati ya kupekua, ushahidi ni watu. Kwa hiyo nenda kwa mjumbe ukamuulize. Waite majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka, wasaini kama mashahidi wa walichokiona. Muuzaji akuonyeshe mkataba alionunulia yeye, na wa aliyemuuzia. Pima kama eneo liko kwenye ramani ya mipango miji kama makazi au ni eneo la wazi. Kama kuna leseni ya makazi, jua kwamba hiyo ni ya muda, inahuishwa, wala si hati ya miaka 99.

Hiyo ndiyo kazi halali ya mtaa: kushuhudia. Na ndiyo wanayoiacha. Mwenyekiti anapokea milioni sita bila kukuambia kwamba kiwanja kile kina kesi Baraza la Ardhi! Wakili anajua sheria, mjumbe anajua watu, na sisi tumewageuza wote wawili kuwa watu wa kugonga mihuri.

UMEME NAO SI HATI

"Mbona ina LUKU?" Ndugu yangu, LUKU ni umeme. Kodi ya majengo inakatwa humo tangu 2021, lakini kulipa kodi ya jengo hakukufanyi mwenye ardhi. Mwaka 2017 nyumba kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Serikali ilisema ziko ndani ya hifadhi ya barabara. Zilikuwamo zenye umeme na maji. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 ilikuwa zamu ya bonde la Msimbazi, alama za X nyekundu ukutani. Unaweza kuilaumu serikali, na mimi nailaumu: mkono mmoja unaunganisha umeme, mwingine unabomoa. Lakini lawama hazirudishi bati. Aliyenunua sehemu kama hizo miaka michache kabla ya kubomolewa, swali moja TANROADS au kwa maofisa mipango miji lingemwokoa. Wakili wake hakuuliza kwa sababu hakulipwa kuuliza. Alilipwa kugonga.

PESA ITOKE LINI, NA NANI ALIPE NINI?

Sitoi pesa yote siku ya kusaini, na wewe usitoe. Toa sehemu siku ya mkataba, baada ya upekuzi. Sehemu nyingine muuzaji akishakabidhi hati yenyewe pamoja na fomu za uhamisho zilizosainiwa, zile Fomu za Ardhi Na. 29, 30 na 35. Kiasi cha mwisho, kile kinachouma, kibaki mpaka uhamisho ukamilike. Yote yapite benki, kwenye akaunti ya muuzaji mwenyewe. Mkataba useme wazi: uhamisho ukikwama kwa kosa la muuzaji, anarudisha nini, kwa siku ngapi.

Kodi ya faida ya kuuza ni ya muuzaji kwa sheria. Ushuru wa stempu, asilimia moja, kwa kawaida unaangukia kwa mnunuzi. Muuzaji akitaka kukutupia na ya kwake, iandikwe na iingie kwenye hesabu ya bei. Maana bila karatasi ya TRA uhamisho hausogei, na muuzaji aliyekwishapokea pesa zote ana haraka gani?

Halafu kuna ule usanii wa kuandika bei ya uongo. Nyumba ya milioni tisini mkataba unasema thelathini, "ili tusiumizwe na kodi". Wakili yupo, anacheka. Kwanza mthamini wa serikali atathamini kivyake, hamtamdanganya. Pili, nyumba ikikutoka, mahakamani utadai kiasi gani? Mkataba wako mwenyewe unasema thelathini. Sitini utamdai shetani.

Na ninyi wa ughaibuni mnaomtumia kaka pesa akununulie: jina gani limeandikwa kwenye mkataba? Kama ni la kaka, nyumba ni ya kaka, na siku akifa ni ya wajane wake. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, suala la umiliki wako ni pana, mpelekee wakili kabla hujatuma hata dola moja.

"WAKILI GHALI"

Najua mtaniambia hivyo. Mtu anatoa milioni sita kwa mwenyekiti bila sheria, anatoa asilimia yake kwa dalali aliyemwonyesha geti, halafu akifika kwa wakili anaanza kulia njaa: "Nipigie muhuri tu, laki moja." Laki moja unapata kazi ya laki moja! Ada za mawakili zina amri yake rasmi ya mwaka 2015, omba uonyeshwe, patana. Lakini lipia kazi. Mpe orodha: upekuzi, ridhaa ya mwenzi, mipango miji, kodi, uhamisho mpaka jina langu litoke. Aandike barua ya kukubali kazi hiyo. Hapo ukiharibikiwa una mtu wa kumshitaki kwenye Kamati ya Mawakili, kwa jambo aliloahidi kulifanya. Kwa muhuri wa laki moja utamshitaki kwa lipi? Aligonga, na wewe ulilipia kugongewa.

Kwa chama cha mawakili, TLS, nina ombi moja lisilo na adabu nyingi: mkatazeni mwanachama kushuhudia mauziano ya nyumba yenye hati bila majibu ya upekuzi kuambatishwa, na mkatazeni kusimamia pande mbili. Kwa Wizara ya Ardhi: upekuzi uwe wa siku moja, kwa simu, kwa Kiswahili, kwa bei ya mama ntilie. Mkifanya hivyo mtaua utapeli kuliko matangazo yote ya redioni. Kwa TAMISEMI: bandikeni mlangoni pa kila ofisi ya mtaa karatasi yenye maneno matano, "Hapa hakuna asilimia kumi halali." Tuone nani ataibandua.

Na kwako unayetafuta nyumba mwezi huu: mtafute wakili wako kabla ya kumtafuta dalali. Mteja wa Arusha mwache ainunue. Akija kutapeliwa, mtumie makala hii.

Nimemaliza. Alamsiki.